Mbwa Mwitu Aliyepewa Jina la Mama Mkwe

Ukimuuliza mtu yeyote pale Kibokoni, Mombasa, Fadhiya afanya kazi gani, atakujibu bila hata kufikiri: "Atazama mbwa." Hasemi kwa ubaya wala kwa wema. Asema vile vile asemavyo kwamba fulani ana kipara. Na kusema kweli hawakukosea. Mtoto wa watu kasoma, kapata shahada yake ya jiografia, kazunguka na bahasha ya vyeti mpaka viatu vikalia, na riziki aliyoandikiwa na Mola ikawa ni kukaa kwenye kiti cha plastiki, ghorofani juu ya ghala moja Shimanzi, kutazama picha za mbwa mwitu wa nchi ambayo hata ndege huihama kila mwaka.

Kazi yenyewe ni hivi. Kuna watafiti huko kaskazini ya dunia waliofunga kamera kwenye miti ya msituni. Kitu kikipita mbele ya kamera, picha imeshapigwa. Mbwa mwitu akipita, picha. Mnyama anayewindwa akipita, picha. Tawi likitikisika theluji ikaanguka, picha pia, na hizo ndizo nyingi kuliko zote. Wakati baridi ya kule inapokaza mpaka mito ikawa njia ya kupita, huku kwetu ni kaskazi, mtu atoka jasho akiwa yuwaoga. Ndio msimu wa kazi. Picha zaja kwa maelfu, na Fadhiya pamoja na mwenzake Nyevu, binti wa Kigiriama kutoka Kaloleni, huzitazama moja moja na kusema: huyu ni nani, yuko na nani, aelekea wapi, amfukuza nani. Malori yapiga honi chini, feni yazungusha joto lile lile, nao wawili wamekodoa macho kwenye barafu.

Mnyama anayewindwa hana jina la Kiswahili, na kwa nini awe nalo, hajawahi kuja kututembelea. Ni mrefu kama ngamia, mdomo umemshuka kama mtu aliyenyimwa pilau, na dume lake huota pembe pana kama makoleo, kisha baridi ikizidi huziangusha. Bi Mejumaa, bibi yake Fadhiya aliyemlea tangu mamake afariki, alipoonyeshwa picha kwenye simu alimwita ngamia wa theluji, na jina likaganda. Mbwa mwitu ndio waliomkera.

"Hao wakimkamata huyo ngamia, humchinja?" aliuliza.

"Hawachinji, bibi. Humng'ata mpaka aanguke."

"Kwa hivyo wala kibudu."

"Ni mbwa, bibi."

"Najua ni mbwa. Ndio nakwambia. Na hiyo simu uipanguse kabla hujaiweka kitandani kwangu."

Fadhiya aliipangusa. Ungefanyaje? Lakini moyoni ile kazi aliipenda, tena kwa wazimu. Alijua kwamba wale mbwa ni ukoo mmoja, mama na baba na wana wao, na kwamba wakimwandama ngamia wa theluji mara nyingi hurudi na njaa yao. Ngamia akiwa mzima husimama tu akawatazama, nao hukaa chini, hupiga miayo, hujifanya hawakuwa na haja. Wamtakaye ni mzee, au mgonjwa, au aliyezama kwenye theluji nene mpaka kifuani. Basi Fadhiya alikuwa akirudi nyumbani jioni, jumba la Mji wa Kale limejaa watoto wa mjomba wake Athmani, na wote wakimuuliza: wamekula leo, ama hawakula?

Watafiti waliwapa wale wanyama namba. Namba zile Fadhiya zilimshinda. Nyevu ndiye aliyesema, "Kwani hawa si watu wa nyumba moja? Tuwape majina." Wakaanza na ngamia mmoja dume, mpana wa mabega, mvivu wa kugeuka, wakamwita Jared, kwa heshima ya msimamizi wao wa kazi. Siku mbwa mwitu walipomzingira Jared, ofisi nzima ilisimama. "Usikimbie, Jared! Ukikimbia umekwisha!" Jared hakukimbia, wale mbwa wakachoka wakaenda zao, na Jared mwenyewe, yule wa miguu miwili, akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini, akapigiwa makofi bila kuelezwa.

Mpaka hapo hakuna aliyeumia. Sasa ngoja nikwambie kuhusu Bi Sheikha.

Fadhiya alikuwa na mchumba, Khubaib, fundi wa mafriji, mtu mpole, mzuri wa sura, mwenye kasoro moja: mbele ya mamake hugeuka maji. Walijuana bustani ya Mama Ngina, kwa muuza mihogo, wakagombea pilipili, na tangu siku ile Khubaib akawa aahidi kupeleka posa. Ikija Idi, aahidi. Idi ikipita, aahidi. Mamake, Bi Sheikha, ni mjane mwenye duka la leso Biashara Street, mwanamke mwenye ulimi ambao ungeweza kukata kitambaa bila mkasi. Hakumtaka Fadhiya. Alikuwa amepata habari kwamba Fadhiya kaweka sharti: wakioana watahamia Nyali, ng'ambo ya daraja, kwa sababu yeye na mama mtu hawataishi chini ya dari moja. Nani alimpelekea habari? Khubaib mwenyewe, masikini wa Mungu. Hajui kuficha.

Basi kwenye harusi moja, Fadhiya akaenda kumsalimia kwa adabu zote, akainama aushike mkono aubusu. Bi Sheikha akampa ncha za vidole, akawageukia wenzake, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Huyu kashika mbwa leo, ama ni siku yake ya mapumziko?"

Wanawake walicheka. Fadhiya alicheka nao, akarudi nyumbani akalia mpaka pua ikaziba.

Kesho yake kazini, picha ya kwanza kuifungua ilikuwa ya jike mmoja mzee wa mbwa mwitu, kijivu, sikio limechanika. Alikuwa ametangulia, theluji yamfika kifuani, ailima kwa mwili wake, na wote wengine wafuata nyuma wakikanyaga alipokanyaga yeye. Nyuma yake kijana dume. Ikafuata picha ya pili: jike mgeni, mdogo, anamsogelea yule dume. Ya tatu: yule mzee kageuka, kamng'ata mgeni shingoni, kamlaza chini. Na dume? Dume kasimama pembeni, mkia katikati ya miguu, atazama mti.

Fadhiya akapiga meza kofi. "Wallahi huyu ni Bi Sheikha!"

"Na yule anayetazama mti?" Nyevu akauliza.

"Uliza tena! Khubaib mtupu."

Wakayaandika. Nyevu, kwa uchokozi wake, yule jike aliyelazwa chini akamwandika Fadhiya. Na hapa ndipo palipofanyika kosa ambalo mtu wa pengine asingelifanya. Mtu wa Mji wa Kale aweza kukutukana mpaka kwa mababu zako, lakini heshima yako ya jina atakupa. Fadhiya hakuandika Sheikha. Aliandika Bi Sheikha. Mkuu wa utafiti, mama mmoja wa kizungu mwenye sauti ya upole, akauliza hiyo Bi maana yake nini. Fadhiya akamwambia ndivyo tunavyomwita mwanamke tunayemheshimu. Yule mama akafurahi mno, akasema basi jina lisipunguzwe hata kidogo.

Msimu ukaendelea. Na Mungu ana mambo yake: wiki chache kabla ya Ramadhani, Khubaib akaja mbio, jasho lamtiririka, kusema mamake kakubali. Kakubali! Wazee watakuja Ijumaa baada ya Alasiri kuleta posa. Bi Mejumaa akapiga kigelegele peke yake mpaka akakohoa. Fadhiya akaenda kazini akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Jumanne, wale watafiti wakatoa filamu.

Ilikuwa filamu fupi ya kueleza kazi yao ya baridi, nzuri kabisa, na muziki. Msemaji alisema Kiingereza, lakini majina hayakuwa Kiingereza. Huyu ndiye Bi Sheikha, akasema, tena kalitamka vizuri kuliko karani wa wilaya. Ni mzee, ni mkali, ndiye atawalaye ukoo mzima. Huyu ni mwanawe, Khubaib. Huyu ni Fadhiya, anayemtaka Khubaib. Na hapa twaona Bi Sheikha akimfundisha Fadhiya adabu. Mwishoni wakamshukuru mwenzao wa Mombasa aliyewapa wanyama majina, na jina lake kamili, mpaka la babu.

Nyevu aliiona kwanza. Akaiweka kwenye status ya simu yake kwa fahari, watu wote waione, bila kufikiri. Akamuonyesha Fadhiya baadaye, akitabasamu, na alipomuona mwenzake uso umemsawijika ndipo na yeye akakumbuka. "Yesu wangu!" akasema. "Niifute?" Ifute nini? Kufikia Adhuhuri filamu ilikuwa imevuka daraja la Makupa imerudi. Masheikha ni wengi mjini, ni kweli. Lakini Bi Sheikha mwenye mwana Khubaib anayetakwa na Fadhiya ni mmoja tu, na duka lake lajulikana.

Jioni Khubaib akapiga simu. "Fadhiya, mama hali chakula."

"Kaiona?"

"Kaiona kwa shangazi, kaiona kwa jirani, sasa yuwaiona peke yake chumbani. Asema Ijumaa hakuna mtu atakayetoka nyumbani kwake kwenda popote."

"Nawe umesemaje?"

"Mimi... mimi nasubiri apoe."

Fadhiya alitaka kurusha simu baharini. Aliilaza kitandani badala yake, kwa kuwa ndiyo hiyo hiyo moja.

Jumatano asubuhi ikaletwa leso, imekunjwa vizuri, imefungwa kwa karatasi. Na hapa ni Mombasa: leso ikija bila harusi wala uzazi, ujue ni barua. Bi Mejumaa akaikunjua sebuleni, mbele ya watoto wote wa Athmani. Pale kwenye maneno, jina la kiwanda na msemo wake vimepakwa rangi nyeusi, ile ya kutilia alama marobota, na juu yake pameandikwa kwa mkono: NIKIWA MIMI NI MBWA, WEWE WAFUATA NINI?

Fadhiya aliketi chini. Bi Mejumaa alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Loo! Hayo ndiyo maneno! Siku hizi leso zote zasema asante mama, asante mama. Huyu kaharibu mali yake ya duka kwa hasira, mwanamke kamili huyu."

"Bibi, nitafanyaje?"

"Leso hujibiwa kwa leso, ama kwa mguu. Maneno ya kuyashinda hayo hatuna. Jitanda buibui lako uende, uombe radhi kwa mdomo wako. Na usipeleke zawadi. Ukipeleka zawadi atakurushia."

Baada ya Adhuhuri Fadhiya akaenda. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alipofika kona maneno yakambadilikia. Dukani palikuwa na wateja wawili. Walipomuona nani kaingia, ghafla wakawa hawana haraka tena, wakaanza kuzishika shika leso walizokwisha kuzikataa.

"Msalkheri, Bi Sheikha," akasema Fadhiya.

"Akheri." Mama hakuinua kichwa. Alikuwa akipima kitambaa kwa wari, ile fimbo yake ya mbao. Kisha akawaambia wale wateja, "Nanyi hamna makwenu?" Wakatoka, wakasimama nje hatua mbili.

"Nimekuja kukuomba radhi, mama. Nilikosa adabu. Nilikuwa na hasira, nami sikudhani..."

"Yule mbwa," Bi Sheikha akamkata, "kwa nini alimng'ata yule mdogo?"

Fadhiya akababaika. "Yupi?"

"Wewe! Wewe uliyelazwa kwenye barafu. Nimeitazama hiyo filamu mpaka macho yaniuma, na yule Mzungu hasemi sababu. Asema adabu, adabu. Mtu hamng'ati mtu bure."

Fadhiya akavuta pumzi, akaeleza, maana hiyo ndiyo kazi yake na hapo ulimi haukumtatiza. Akasema wakati wa baridi nyama ni haba. Yule mzee ndiye ajuaye njia, ndiye apasuaye theluji kwa kifua chake wengine wapite. Akiingia jike mwingine akazaa, midomo huongezeka na wote hufa njaa. Basi hung'ata kwa kulinda walio wake.

"Ahaa," akasema Bi Sheikha, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Na sasa yuko wapi?"

Fadhiya akazitazama leso za rafuni. Zilikuwapo picha zilizokuja juzi ambazo hakuzisema kwa mtu, hata Nyevu. Alifikiria kudanganya. Kudanganya kungekuwa rahisi, na pengine kungemfaa. Lakini mama alikuwa amemkazia macho, na Fadhiya hakuweza.

"Alipigwa teke na ngamia, mama. Ubavuni. Sasa hatangulii tena. Wenziwe wapita mbele, yeye yuko nyuma, mbali. Picha ya mwisho yuko peke yake."

"Na mwanawe?"

"Kaenda nao."

"Hakugeuka?"

"Hakugeuka."

Bi Sheikha akaipiga meza kwa ile wari, pa! "Mbwa yule!"

"Naam, mama," Fadhiya akasema taratibu. "Ni mbwa."

Wakatazamana. Mdomo wa Bi Sheikha ulicheza upande mmoja, ukakataa, ukacheza tena. Lakini kicheko kilipokaribia kutoka, kilichotoka ni kitu kingine. Akaketi juu ya robota la leso, mwanamke yule mzima, akajipepea kwa ncha ya mtandio.

"Mimi nina mwana mmoja," akasema. "Babake alipokufa huyu alikuwa hajui kufunga kamba za viatu. Nimepasua njia kwa kifua changu hiki. Leo nyumba ina vyumba vya kulala paka wa mtaa mzima, na nyinyi mwenda zenu Nyali. Aniambia, mama, daraja si mbali. Aniambia tutakuja kila Ijumaa. Kila Ijumaa! Kwani mimi ni msikiti?"

Fadhiya akasogea karibu.

"Naogopa kuachwa, Fadhiya. Haya, nimesema. Ukaandike na hilo uwapelekee Wazungu wako."

Fadhiya aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Muda wote ule alikuwa amemjua yule mnyama sawasawa, theluji yake, njaa yake, sababu ya meno yake. Na mama wa watu, mtaa wa pili kutoka kwao, hakuwahi kujiuliza hata mara moja kwa nini ang'ata. Akapiga magoti, akaushika ule mkono akaubusu, na safari hii alipewa mkono mzima.

"Nenda," akasema Bi Sheikha, akijifuta pua. "Wazee watakuja. Sikusema nimekusamehe."

Ijumaa wakaja. Wanaume wakaketi sebuleni na kahawa na halua, wanawake ndani, pazia katikati. Bi Sheikha alikaa kwenye mkeka karibu na Bi Mejumaa, mgongo umenyooka, hasemi na mtu. Nyevu alikuwepo, kajifunga leso vizuri kuliko wenye mji, na hakuna aliyemlaumu, ingawa wote walimtazama. Huko nje zikasomwa dua, yakasemwa maneno ya wazee, marefu, yenye kuzunguka, mpaka likafikia suala la mahari. Mahari ni haki ya bibi arusi, ataje mwenyewe. Mjomba Athmani akaja kwenye pazia.

"Fadhiya, wazee wauliza, mahari yako wataka nini?"

Kila mtu alijua atataja nyumba ya Nyali, funguo mkononi. Khubaib huko nje alikuwa tayari na maelezo ya kuomba muda.

"Nataka vyumba viwili vya juu," akasema Fadhiya, "nyumbani kwa mamake Khubaib. Niandikiwe ni vyangu, na mtu asinihamishe."

Athmani akasimama vile vile, pazia mkononi. Akarudi, akayasema. Mzee mmoja wa upande wa bwana arusi, mwenye sauti ya kukwaruza, akasikika: "Ati nini? Nimeoza mabinti tangu ujana wangu. Watu huomba mahari wamkimbie mama mkwe. Huyu aomba mama mkwe! Hiyo si mahari, jamani, huo ni mzigo."

Wanaume wakaangua kicheko. Khubaib peke yake hakucheka. Walisema baadaye alikuwa akilia waziwazi, bila kutazama mti wowote. Ndani, wanawake wote waligeuka kumtazama Bi Sheikha, maana nyumba ni yake, na neno ni lake.

Bi Sheikha alikuwa ameinamisha kichwa. Akajivuta leso mpaka usoni, akajifunika gubigubi.

"Mwambieni," akasema kutoka humo ndani, kila neno kalikata peke yake, "asidhani mimi nitampikia."

Na mabega yakawa yakimtikisika, na hakuna mwanamke pale aliyethubutu kupiga kigelegele mpaka alipoanza yeye.